.308 kwa nguruwe pori, nimeitumia misimu mitano na bado naipendekeza

Watu wakiniuliza wachukue kaliba gani (yaani ukubwa wa risasi na bunduki yake) ya kuwindia nguruwe pori (naongelea yule wa Ulaya na Asia mwenye singa ngumu mgongoni, sio ngiri) jibu langu ni .308 Winchester, ila kabla hujafika hapo angalia kwanza sheria ya unapowinda inasemaje, maana ukishanunua bunduki afu ukaambiwa kaliba yako hairuhusiwi kwa mnyama huyo hamna wa kumlaumu.

Chukua Ujerumani. Sheria yao inataka risasi ya nguruwe pori isipungue upana wa milimita 6.5 na ikifika mita 100 iwe bado na nguvu ya jouli 2000. Sasa .223 hapo imekufa kabisa, upana hauna na hata pale inapotoka tu kwenye mtutu hizo 2000 huwa haizifikishi. Inayoniuma ni .243, bunduki nzuri, laini begani, jouli inazo, lakini kichwa chake (ile sehemu ya risasi inayoruka) kina upana wa milimita 6.2, basi imekataliwa. .308 yenye kichwa cha greni 165 (kama gramu 10.7) inafika mita 100 ikiwa na jouli karibu 3000, yaani umepita na chenji juu.

Na hiyo nguvu sio ya mapambo jamani. Dume kubwa lina ngao, ni tabaka nene na gumu la ngozi limefunika mabega, ukilichuna kisu kinakwama unahisi kama unakata soli ya kiatu. Moyo umekaa chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani, na zile singa za mgongoni zinakudanganya unalenga juu sana.

Ila sasa hapa ndo pa kusikiliza: kichwa cha risasi kina kazi kubwa kuliko kaliba. Msimu wa kwanza nilitumia greni 150 zile laini za kufunguka (kupanuka zikigonga) haraka, nikapiga dume mita kama 60, nikasikia kabisa imempata, na akaondoka. Damu hamna. Mafuta yake mazito yanaziba tundu, na kwa kuwa risasi ilivunjikia begani hakukuwa na tundu la kutokea upande wa pili, tukamfuata na mbwa mpaka kunapambazuka. Tulimpata na tukammaliza, lakini mnyama kuteseka usiku mzima kwa sababu ya kichwa nilichochagua vibaya ni kitu sijakisahau. Toka hapo natumia greni 165 au 180 ambazo madini yake ya risasi (lead) ya ndani yameunganishwa na ganda la shaba, haziachani zikigonga mfupa, zinapita upande wa pili na njia ya damu unaiona. Wa mwisho alitembea hatua kama ishirini, akalala.

Kama unapowinda madini ya risasi (lead) hayaruhusiwi (Denmark wameyapiga marufuku kwenye bunduki za kuwindia toka 1 Aprili 2024) utatumia shaba tupu, na hapo shuka hadi greni 150 au chini kidogo, shaba ni nyepesi kuliko lead kwa hiyo kwa uzito ule ule kichwa kinakuwa kirefu, na inataka spidi ndo ifunguke.

Nimejaribu na zingine. 30-06 ya 1906 inafanya kazi ile ile na ziada kidogo, sina neno nayo, ila ganda lake ni refu, milimita 63 kwa 51 za .308, na bolti (kile chuma unachovuta kuingiza risasi nyingine) inasafiri zaidi wakati kundi la nguruwe linakatiza mbele yako mbio. 9.3x62 ya Wajerumani, ya 1905, hiyo inaangusha kweli, kama unawinda madume makubwa vichakani na bega lako linaivumilia ichukue. Mimi baada ya risasi kumi uwanjani nilikuwa nafumba macho kabla ya kuvuta triga na nikaiacha, maana kaliba unayoiogopa inajeruhi tu.

Mapungufu ya .308 yapo. Kwenye mtutu mfupi inapiga kelele mbaya na usiku ule moto wa mdomoni unakupofusha sekunde kadhaa, vaa kinga ya masikio na kama sheria yenu inaruhusu sailensa funga. Zaidi ya mita 200 mi sipigi nguruwe nayo. Na kwa kuwa inapita upande wa pili, hakikisha nyuma ya mnyama kuna udongo, kilima au mteremko, sio nguruwe mwingine na sio giza usilolijua, mimi nimeshashusha bunduki mara nyingi tu kwa sababu hiyo.

Ukiinunua chukua aina mbili tatu za risasi, piga tatu tatu kwa mita 100 ukiwa umeegemeza bunduki, ile inayokusanya matundu pamoja ndo ya kwako, na ukibadilisha aina rudi uwanjani uanze upya.