Nusu Siku Kyoto: Ziara ya Nijo na Sanjusangendo

Mwezi Novemba mwaka jana, nikiwa na siku moja tu ya mapumziko baada ya shughuli za kikazi Osaka, nililipia ziara ya nusu siku mjini Kyoto pamoja na mwongozaji, kwa kuwa sikutaka kuzunguka majengo ya kale nikipiga picha za vitu nisivyovielewa.

Kwa upande wa Kasri la Nijo, fedha yangu haikupotea. Kasri hilo lilijengwa mwaka 1603 kwa amri ya Tokugawa Ieyasu, na humo ndimo shogun (mtawala wa kijeshi) wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, alimotangaza mwaka 1867 kwamba anarudisha madaraka kwa mfalme. Tulivua viatu mlangoni, jambo ambalo kwa mtu aliyekulia Pwani halihitaji maelezo, na hatua chache tu ndani mbao zikaanza kulia chini ya soksi zetu kama vifaranga. Baadaye mwongozaji, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alitutoa nje akatuinamisha tuchungulie chini ya sakafu, ambako vibanio vya chuma husuguana na misumari kila mtu akanyagapo. Ile hadithi maarufu kwamba sakafu ilitengenezwa hivyo ili kuwafichua wauaji aliisimulia, kisha akatuonya tusiiamini sana.

Chumba cha kwanza cha wageni ndicho kilichonikawiza. Kutani, juu ya dhahabu, wamechorwa chui-milia pamoja na chui, kwa sababu enzi hizo Wajapani walidhani chui ni jike la chui-milia. Wachoraji wa ukoo wa Kano hawakuwahi kumwona hata mmoja akiwa hai. Nilicheka peke yangu. Nyingi ya picha hizo sasa ni nakala, na za asili zimehifadhiwa katika jumba la maonyesho lililo ndani ya eneo hilohilo, ambalo ratiba yetu haikuligusa kabisa.

Lawama yangu kubwa ni Sanjusangendo. Ukumbi huo wa hekalu la Kibudha wa mwaka 1266, wenye urefu wa mita 120 hivi na sanamu 1,001 za Kannon, mungu wa huruma wa Wabudha, tulipewa dakika 20, ilhali duka la vitamutamu vya chai ya kijani tulilopitishwa njiani lilikula dakika 40. Sanamu 124 kati ya hizo ziliokolewa katika moto wa mwaka 1249, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuuliza ni zipi, tukaitwa kwenye basi.

Nikijaliwa kurudi, nitalipia mwongozaji kwa Nijo peke yake, na Sanjusangendo nitakwenda mwenyewe, bila saa ya mtu.