TAHADHARI: Wakala wa safari za Katavi anayekusanya fedha za wafanyakazi mjini Tabora

Ndugu wafanyakazi wa Tabora, hususan walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri mnaojipanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi kiangazi hiki, naomba mjihadhari na wakala mmoja anayepita ofisi hadi ofisi akiuza safari ya pamoja ambayo gari, chakula na kiingilio vyote vimo katika bei moja. Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi, na zaidi ya hapo amekwisha kulibadilisha. Mtamtambua kwa mbinu zake.

Huja na picha za viboko waliosongamana kwenye madimbwi ya Mto Katuma, ambazo ni za kweli, kwa kuwa maji yanapopungua ndivyo wanavyokaa pale. Huomba orodha ya majina, kisha hutaka fedha zote zitumwe kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi, akidai kwamba kiingilio ni lazima kilipwe mapema na kwamba punguzo linaisha leo. Ofisi yetu ilipokwisha kutuma, alimletea mweka hazina wetu karatasi ya malipo yenye kumbukumbu namba (control number) ya tarakimu 12, jina la hifadhi na idadi yetu sote.

Tuliondoka Tabora alfajiri, tukapita Sikonge na Inyonga hadi Mpanda, na kutoka hapo tukaendelea kilomita zipatazo 35 hadi Sitalike, kwenye lango la hifadhi. Mhudumu wa langoni aliingiza ile namba kwenye kompyuta, akanyamaza kidogo, kisha akatugeuzia kioo tujionee wenyewe: namba ilikuwa halali kabisa, ila ilikuwa imelipiwa watu wawili tu. Tulipoikagua upya karatasi yetu, tuliona kwamba idadi ya watu na kiasi kwa tarakimu vilikuwa vimebadilishwa kwa ustadi, kwa maandishi ya aina ileile, lakini kiasi kwa maneno kilikuwa kimeachwa vilevile, yaani kiingilio cha watu wawili. Simu ya wakala haikupatikana tena tangu saa ile. Wenye salio walijilipia upya wakaingia, na wenzetu wengine walirudi Mpanda kutusubiri.

Gari nalo halikuwa lile la juu lililoahidiwa, bali Noah ambayo kiyoyozi chake hakikufanya kazi, hivyo tulilazimika kushusha vioo katika pori lenye mbung'o. Isitoshe, wakala huyo alikuwa ametuuzia fulana za safari za bluu iliyokoza, rangi ileile inayotumika kushonea mitego ya kunasia mbung'o. Sidhani kama alikusudia, lakini mtu anayejiita mwenyeji wa Katavi na asijue hilo hajawahi kushinda humo hata siku moja.

Kwa walio katika hatua ya kuchanga fedha, kiingilio cha hifadhi kisipitie mkononi mwa mtu yeyote. Takeni kumbukumbu namba kabla ya malipo, mlipe wenyewe kwa simu au benki, na kabla ya kuweka namba ya siri msome jina la mpokeaji na kiasi kinachodaiwa, mkilinganisha na idadi yenu. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiwango cha chini kuliko wageni kutoka nje, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya taifa, na anayewaambia kwamba bei ni moja kwa wote anawaibia mchana kweupe. Fedha za gari ni mkataba wa peke yake: ombeni kuona leseni ya biashara ya utalii inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na leseni ya gari lenyewe kutoka LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na msiridhike na picha zake kwenye simu.

Tuna taarifa kwamba sasa anawazungukia watumishi wa Urambo kwa jina jingine, akitumia picha zilezile za viboko. Aliyepokea ujumbe wake wa kuomba fedha aitume namba iliyotuma ujumbe huo kwenda 15040, ambayo ni namba ya kuripoti utapeli wa simu, na aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa muamala, bali aende nao kituo cha polisi pamoja na karatasi aliyopewa, maana shauri letu bado linahitaji mashahidi.