Sony A7S III na A7R IV: ipi ina chenga zaidi gizani?

Fungua faili la kamera ya A7R IV la ISO 12800 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga), likuze hadi asilimia 100: chenga tele, yaani madoa madogo yanayochafua picha. Fungua la A7S III kwa ukuzaji uleule: safi. Wanunuzi wengi hukata shauri hapohapo, na ndipo wanapokosea.

Asilimia 100 ni pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. A7R IV ya 2019 hutoa picha ya pikseli 9504 kwa 6336 (megapikseli 61). A7S III ya 2020 hutoa 4240 kwa 2832 (megapikseli 12). Kwa skrini ya pikseli 96 kwa inchi, ya kwanza ni bango la mita 2.5, ya pili mita 1.1. Moja umeigusisha pua, nyingine unaitazama ukiwa kochini.

Sensa (kipande kinachopokea mwanga) zote mbili zina ukubwa wa takriban milimita 36 kwa 24, hivyo hupokea mwanga uleule. Chukua kila pikseli kuwa kikombe: pale A7S III ilipo na kikombe kimoja cha kukinga mwanga, A7R IV ina vidogo vitano. Kila kidogo hupata moja ya tano, na kwa kuwa chenga za mwanga hufuata kipeuo cha pili, pikseli yake moja huwa chafu mara 2.24 hivi. Changanya vitano hivyo kuwa kimoja, tofauti hiyo inafutika.

Kuzipima kwa haki si kazi ngumu. Lenzi iwe moja, kwani zote hutumia mdomo wa E (aina ya kifungio cha lenzi). Weka tripodi, na ndani ya fremu weka kadi ya kijivu pamoja na kitambaa cheusi. Fokasi ipoteze kidogo, la sivyo nyuzi za kitambaa zitahesabiwa kama chenga. Panga kila kitu kwa mkono: tundu la lenzi f/4, shata 1/50 ya sekunde, ISO ileile, usiiachie kamera ipime mwanga yenyewe. Hiyo 1/50 ina sababu: kwa umeme wa hezi 50, taa nyingi za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/250 inaweza kuidaka taa imefifia kwa kamera moja na inawaka vizuri kwa nyingine.

Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Katika Lightroom, programu ya kuhariri picha, shusha Sharpening, Luminance na Color hadi 0 (Color kwa kawaida huanza na 25, na wengi huisahau), kisha zipe picha zote joto la rangi lilelile.

Sasa ipunguze ya A7R IV hadi upana wa 4240. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Kati ya njia za kupunguza picha katika Photoshop, Nearest Neighbor huruka pikseli badala ya kuzichanganya, chenga zikabaki vilevile. Bicubic Sharper nayo hunoa, na kunoa huziamsha upya. Tumia Bicubic ya kawaida. Chagua eneo la pikseli 200 kwa 200 juu ya kadi, usome Std Dev kwenye Histogram ya Photoshop: ikiwa kubwa, chenga ni nyingi. Kama Mean (wastani wa mwangaza) za picha mbili hazikaribiani, futa, piga upya.

Kwenye kijivu, usitarajie tofauti ya maana. Kitambaa cheusi ndicho kinachozitenga, hasa ISO 25600 kwenda juu: kila pikseli inaposomwa huongeza chenga zake za umeme, na A7R IV husoma mara tano pale mwenzake anaposoma mara moja. Hapo A7S III inastahili sifa zake.

Tahadhari: ukiibadili A7R IV kwenda APS-C (hali ya kutumia sehemu ya katikati tu ya sensa), megapikseli 26 zinabaki, ila zaidi ya nusu ya mwanga umeutupa. Hesabu yote hapo juu inavunjika.

Kwa picha za ukumbini zisizovuka ISO 6400, tungechukua A7R IV bila wasiwasi, mradi una nafasi ya RAW zisizobanwa za takriban MB 120 kila moja. Kwa video, hapana. Inaporekodi 4K kwa upana wote wa sensa haisomi pikseli zote, kwa hiyo ile faida ya kuchanganya vitano kuwa kimoja huipati, na kasi yake inaishia fremu 30 kwa sekunde. A7S III hufika 120.