Gesi ya kulipia kidogo kidogo: uzoefu wangu, na lile swali la mkaa

Niseme mapema ili msije mkanigeuka: hili jiko bado ninalo. Liko pale pale jikoni, na asubuhi hii nimechemshia chai. Kwa hiyo mkiona nawaka huko chini, jueni nawaka nikiwa mteja, na salio ninalo.

Kwa asiyejua, ni ile gesi ya mita. Wanakuletea mtungi, jiko la plati mbili, na kimita kidogo chenye laini ya simu ndani yake, wanakufungia bure au kwa kiingilio kidogo. Hununui mtungi mzima. Unalipa kwa simu, buku (elfu moja), buku mbili, salio linaingia lenyewe, mita inalia tii, vali inafunguka, unapika. Salio likiisha inajifunga. Huku kwetu Tabata, Dar es Salaam, tunaiita LUKU ya gesi, kwa kuifananisha na LUKU ya umeme wa kulipia kabla, na jina hilo ndilo lililoniponza, nitaeleza. Kampuni siitaji, sitaki kesi. Wenye nayo mtajijua.

Mwanzoni niliipenda jamani. Niliipenda hadi nikawa naisifia kwenye kikoba kama nalipwa. Maana tatizo la gesi kwa watu wa kipato changu si bei, ni mkupuo. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000, na hiyo hela tarehe 17 unaitoa wapi? Gesi ikiisha tarehe mbaya, mtungi unakaa pembeni ya kabati unashika vumbi hadi mshahara wa baba watoto, na wewe unarudi kwenye mkaa wa kopo. Watu wanatusema eti hatuelimiki, tunapenda moshi. Nani anapenda moshi? Mkaa unauzwa kwa kopo, ndiyo sababu yenyewe. Sasa na gesi ikaanza kuuzwa kwa kopo. Buku mbili ilinipikisha siku nzima na chai ya kesho yake. Nilimwambia mume wangu aliyebuni kitu hiki alilelewa na mama mwenye akili.

Sasa njooni Jumamosi ile.

Tarehe siikumbuki, mvua za vuli zilikuwa zimeanza kidogokidogo. Wakwe zangu walikuwa wamekuja kutoka Muheza, baba mkwe, mama mkwe na wifi yangu mmoja ambaye namwogopa kuliko wote wawili. Wamekuja na machungwa gunia zima. Kwa hiyo pilau haikuwa ya mjadala. Nyama kilo mbili, mchele wa Mbeya, viungo nimetwanga mwenyewe kwenye kinu, maana mama mkwe akisikia harufu ya binzari ya pakiti anajua, na hasemi, ila anajua.

Nimekaanga vitunguu hadi vikawa na rangi ile, kitunguu swaumu, viungo, nyama, viazi, supu, mchele. Maji yanachemka vizuri. Nikageuza mara moja. Maji bado yako juu ya mchele, mnajua ile hatua ambayo hutakiwi hata kupokea simu? Moto ukapungua. Ukawa wa bluu, ukawa mdogo, ukafa.

Sikushtuka. Nikajua ni salio. Nikatoa simu, nikalipa 3,000 kwa raha zangu, ujumbe ukaja kwamba malipo yamepokelewa, na jina la kampuni hilo hapo. Nikasimama mbele ya mita nikingoja ile tii.

Kimya.

Dakika tano. Kumi. Nikaitikisa mita, Mungu nisamehe. Nikalipa tena 2,000 nikidhani ya kwanza imepotea. Ujumbe ukaja tena, asante kwa malipo yako. Mita imenitolea macho. Kule sebuleni nasikia baba mkwe anauliza kama adhuhuri imeshaadhiniwa, na mimi najua anachouliza si adhuhuri.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kiswahili bonyeza moja, nikabonyeza. Muziki. Nikasikiliza muziki hadi nikaujua. Mwisho akapokea kijana, sauti nzuri tu, nikamweleza: nimelipa mara mbili, ujumbe ninao, mita haijafungua, nina wageni, nina chakula jikoni. Akaniambia dada yangu, naona malipo yako yote mawili hapa kwenye mfumo, ila mita yako haipo hewani, mtandao wa eneo lako unasumbua, vuta subira. Nikamuuliza subira ya muda gani. Akasema hawezi kujua. Nikamwambia mdogo wangu, mchele unavimba.

Akanyamaza kidogo. Halafu, na hapa namnukuu kama alivyosema, akauliza: "Kwani dada, hapo nyumbani mkaa huna?"

Nyie.

Kampuni ya gesi! Watu ambao gari lao limeandikwa ubavuni tuache mkaa! Nchi hii imezindua mkakati mzima wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, Rais mwenyewe kausimamia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na hao hao wenye biashara hiyo ndio wananiuliza mkaa sina? Jiko langu la mkaa nililigawa! Nililigawa kwa sababu yenu! Kijana wao wa mauzo alikaa kwenye sofa langu akanambia mama, hilo jiko gawa, hutalihitaji tena. Nikampa jirani yangu mwenye genge.

Sikumtukana. Najisifu kwa hilo. Nilimwambia asante, nikakata, nikakaa kwenye ndoo ya maji nikatazama ule mtungi.

Na hapa ndipo pananiuma kuliko swali lenyewe. Niliuinua mtungi. Una uzito wake, gesi imo tele, walikuwa wamenibadilishia wiki ile ile. Gesi ipo jikoni kwangu. Hela nimelipa, na yeye ameziona kwa macho yake, ameniambia. Mpokea hela anajua nimelipa, mimi najua nimelipa, asiyejua ni kile kimita, na kile kimita ndicho chenye ufunguo. Hakuna mtu wa kumbembeleza. Muuza mkaa ukimwambia nitakuletea jioni anakutazama usoni, anakujua, anakupimia. Mita utaionyesha ujumbe wa simu?

Ndiyo maana nasema jina la LUKU liliniponza. LUKU ukinunua unaletewa namba 20, unazibonyeza mwenyewe kwenye mita, umeme unarudi. Hata mtandao ukifa baada ya hapo, namba zako unazo, hata ukiziandika kwenye karatasi. Mita ya gesi niliyofungiwa mimi haina hata kibonyezo kimoja. Inasubiri habari za hewani. Hewa ikigoma, umekwisha. Mnakumbuka Mei ile ya 2024 kebo za intaneti za baharini zilipokatika, kila mtu analia, picha hazifunguki? Mimi nilipika ugali wangu kwa amani kabisa, kwa sababu wakati ule nilikuwa na mtungi wa kawaida, na mtungi wa kawaida haujui kama baharini kuna kebo. Sikuona kama ni neema.

Basi mama mkwe akaingia jikoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Akafunua sufuria, akatazama, akafunika. Akatazama mita. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio uliniua, "Mwanangu, jiko nalo lina vocha?"

Nikamweleza. Sijui alielewa nini. Alichofanya alijifunga kanga kiunoni akatoka uani akaongea na jirani yangu wa genge, na baada ya dakika chache nikaona jiko langu mwenyewe la mkaa, lile nililoligawa, linarudi nyumbani limebebwa na mtoto wa jirani, moto umeshashika. Na kopo la mkaa juu yake. Jirani hakusema neno. Alicheka tu na macho.

Mama mkwe akaipika ile pilau mwenyewe. Maji yalipokauka akapunguza moto chini, akachukua makaa kwa koleo akayapanga juu ya mfuniko moja moja, kama anapanga mayai, akafunika na sufuria ingine. Akakaa kwenye kigoda akanihadithia habari za Muheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Na niseme ukweli ambao nimeuficha siku zote hizi: ilikuwa tamu kuliko pilau yoyote niliyowahi kupikia ile gesi. Ule ukoko wa chini! Wifi yangu aliongeza mara mbili, na hakuniambia kitu, kwa wifi yule hiyo ni cheti.

Sasa salio liliingia saa ngapi? Saa tano usiku. Wageni wamelala, naosha sufuria, nasikia tii. Tii ya pili. Elfu tano yote imeingia, vali imefunguka, jiko liko tayari kwa huduma. Nilikaribia kulipiga na mwiko.

Asubuhi ukaja ujumbe: mpendwa mteja, tunafurahi kuwa changamoto yako imetatuliwa, tupatie nyota. Nikafungua ile programu yao nikatoa nyota moja, na kama kungekuwa na nusu ningetoa robo. Nikaandika mambo. Mume wangu akanishauri nifute nusu yake, nikafuta.

Haki lazima isemwe lakini. Kama siku mbili baadaye alikuja fundi wao, bila kumwita. Mtu mzima, anabeba mfuko wake wa spana, akavua viatu mlangoni. Alipima, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira kuangalia kama gesi inavuja, kitu ambacho mimi na ule mtungi wangu wa zamani sikuwahi kufanya hata siku moja kwa miaka yote ile, nikaona aibu. Akahamisha mita kutoka nyuma ya kabati hadi usawa wa dirisha, akasema pale nyuma laini ilikuwa haishiki vizuri, aliyefunga alifunga vibaya. Akasema pole kwa mdomo wake, si kwa ujumbe. Nikamuuliza kwa nini mita isiwe na namba za kubonyeza kama LUKU, akacheka akasema mama, hilo tunawaambia kila siku. Akanywa maji akaondoka. Tangu siku ile haijanigomea tena, labda mara moja kwa dakika chache.

Nikapandisha nyota zikawa tatu. Nikawaza hata nne, maana mwezi uliofuata ada za shule zilitukamua, na kama si ile buku buku ningerudi kwenye mkaa kabisa, na kifua cha mtoto wangu wa pili hakitaki moshi. Hilo siwezi kulikana. Kwa mtu wa hela za kuokoteza kama mimi hiki kitu ni msaada, na jirani yangu mwenyewe wa genge ameniuliza namba zao, nikampa.

Halafu juzi nimepiga kuuliza jambo lingine dogo tu, akapokea yule yule. Nimemjua sauti. Nikamkumbusha, kwa utani, kwamba ndiye aliyeniuliza kama mkaa sina. Nilitegemea tucheke. Akasema, "Dada, mimi nilikuwa nakushauri tu." Kanishauri! Nimeshuka hadi mbili, na hapo nimemhesabia fundi nyota moja yake peke yake.

Mnaotaka kufunga, fungeni. Mwambieni fundi aweke mita karibu na dirisha, msikubali nyuma ya kabati. Msingoje salio liishe kabisa siku ya wageni, wekeni tangu usiku. Na jiko la mkaa msigawe, yule kijana wa mauzo aseme asemavyo. La kwangu jirani hajalidai, nami sijalirudisha. Liko uvunguni na lile kopo lake, na mama mkwe kila akipiga simu kutoka Muheza, kabla hata hajauliza wajukuu, anauliza kama vocha ipo.