Vyombo vya kukodi kwa komedi ya muziki ya sekondari, Mtwara mjini

Kwa klabu ya maigizo ya sekondari, seti hii inatosha bwalo la shule: spika 2 za inchi 15, mixa (mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti) ya njia 12, maiki 4 za waya na 4 za kubandika shavuni. Spika ni safi sana. Maneno ya nyimbo yanafika viti vya nyuma, na kwenye komedi hilo ndilo la kwanza, kwani kichekesho kisichosikika hakimchekeshi mtu.

Shida iko kwenye maiki za shavuni. Kwa joto hili la pwani, anayeimba huku akicheza hulowa jasho. Plasta inabanduka, jasho linaziba kitundu cha maiki, sauti inafifia katikati ya ubeti. Futa shavu kwa spiriti, bandika sentimita 2 hivi kutoka pembe ya mdomo, pitisha waya nyuma ya sikio. Betri za mazoezi zisiingie kwenye onyesho, weka mpya.

Fundi wa wakodishaji hupenda kupanga spika nyuma ya waigizaji. Mkatalieni! Maiki inanasa sauti ya spika na mlio unapasua masikio. Zikae mbele ya jukwaa, zielekee watazamaji. Paa likiwa la bati, punguza besi kwenye maiki za waimbaji.

Jenereta hulipiwa kando, ulizeni mapema.

Kukodi kunafaa, ila mwanafunzi mmoja akae kwenye mixa na maandishi ya mchezo mkononi, afungue maiki ya anayesema tu.