TAHADHARI: Fundi wa makasha ya chipu za poka hapa Dar anauza godoro lililofunikwa

Wadau wa meza, mtu huyu asipewe hata shilingi. Ni yule wa picha za kasha jeusi juu ya vigae vyeupe, anayejitangaza kukata foamu kwa mashine. Mliokuwepo Ijumaa mmeliona kasha alilotengeneza na mmeziona chipu zilizoharibika ndani yake, kwa hiyo habari ya seti ile sitairudia. Nataka wengine wajue alichofanya, kipande kwa kipande, maana wizi wake umepangwa na mtu anayeijua kazi.

Oda iliandikwa WhatsApp, haina utata. Kasha la kipimo cha Pelican 1500 (kasha gumu la plastiki lisilopitisha maji), ndani sentimita 42.5 kwa 28.4, kina 15.5 pamoja na kifuniko. Foamu ya polithini isiyonywa maji, kipande kimoja cha unene wa milimita 80. Mashimo 30, safu 6 kwa 5, kila shimo chipu 20 zilizopangwa moja juu ya nyingine, jumla 600. Chipu ni za kleyi (udongo uliobanwa), kipenyo milimita 39, unene 3.3, kwa hiyo 20 zinafika milimita 66. Shimo liwe na upana wa milimita 40 na kina 55, ili chipu tatu za juu zitokeze vidole vipate pa kushika. Ukuta kati ya mashimo milimita 12, na chini ya kila shimo ibaki foamu ya milimita 25. Hesabu hiyo inaacha karibu sentimita 10 upande mmoja kwa karata na kitufe cha mgawaji, kile kinachoonyesha zamu ya kugawa. Alikubali namba zote. Akauliza mwenyewe kama chipu zina kingo kali, swali ambalo mbabaishaji wa kawaida haulizi, kisha akapokea asilimia 60 mapema.

Siku ya kukabidhi alifanya majaribio matatu mbele ya watu. Kwanza alibonyeza foamu kwa kidole gumba, ikarudi polepole bila kuacha shimo. Pili alimimina maji ya kunywa juu yake, akayaacha yakae, akayafuta kwa kitambaa: pakavu kabisa. Tatu alichukua chipu za kujaza shimo la katikati hadi usawa wa foamu, akazisukuma ndani, akainua kasha na kuligeuza juu chini. Hazikutoka. "Wakubwa, hii hata ikianguka kwenye bodaboda chipu hazitikisiki." Majaribio mawili ya kwanza ni sahihi; la tatu ni mtego, maana shimo la milimita 40 haliwezi kubana chipu ya 39 likigeuzwa. Yote yalionekana ya kitaalamu, na ndiyo maana salio lililipwa pale pale.

Sasa sikilizeni kilichokuwa ndani. Foamu ya kweli ilikuwa milimita 10 za juu tu, kama ngozi. Chini yake milimita 50 za sponji ya godoro iliyopakwa rangi nyeusi, na chini kabisa kipande cha stairofoamu, kile cheupe cha kufungia televisheni. Vyote vimegandishwa kwa gundi ya viatu. Mdomo wa shimo aliukata milimita 38, mwembamba kuliko chipu yenyewe, ndiyo maana ulizibana chipu asipate aibu. Chini ya mdomo shimo linapanuka ovyo, limekatwa kwa kisu. Kidole gumba kilikutana na ngozi, maji yalikutana na ngozi, na chipu zilishikwa na ngozi.

Weka chipu zote 600 za gramu 10, hiyo ni kilo 6, na mzigo wote unakaa juu ya sponji ya godoro. Sponji inadidimia, safu zinazama, zinalala upande na kuvuka kwenye shimo la jirani kwa sababu ukuta laini wa milimita 12 hauzuii kitu. Barabara ikitikisa, kingo zinasagana. Kleyi ya kubana ni laini, na kingo zake zikishakatika hazirudi. Sponji ya kifuniko nayo haikufika kwenye vichwa vya chipu, imeacha nafasi ya vidole viwili. Gundi ile imeila stairofoamu ikawa mabonde, na gari likikaa juani tabaka la juu linateleza. Hata kama lingebaki gereji bila kutumika, sponji ya aina hiyo huchakaa kwa miaka, kisha hupukutika kwenye kila chipu.

Kasha lenyewe pia ni feki. Mpira wa kuzuia maji ni ukanda uliobandikwa, una maungio mawili, wakati unatakiwa kuwa pete moja iliyokaa kwenye mfereji wake. Kile kidude cha kupumulia hakina tundu, ni urembo. Kasha likiziba kweli bila tundu hilo, ukilifunga Arusha kisha ukashuka nalo Dar, hewa ya nje inakandamiza kifuniko hadi unahangaika kukifungua. Hili wala haliwezi kuziba.

Mtu kama huyu anyang'anywe vifaa vyote. Alirudishiwa picha za mashimo yaliyopasuliwa, akajibu kwamba chipu ni nzito kupita kiasi, kisha akafunga simu. Ukurasa amebadilisha jina, vigae ni vile vile. Arudishe pesa zote, alipe na chipu, na asimame mbele ya hakimu aeleze ile ngozi ya milimita 10 aliiweka kwa kazi gani.

Dalili zilikuwepo. Hakuruhusu foamu itolewe kwenye kasha, alisema itaharibu mkao. Picha zake zote ni za kutoka juu, hakuna hata moja ya ubavu. Kasha lilinuka gundi. Mulika tochi ya simu ndani ya shimo, utaona mstari wa maungio. Omba masalio ya foamu iliyokatwa: mchemraba wa sentimita 10 kila upande wa polithini ya makasha huwa kama gramu 30, sponji nyepesi ya godoro haifiki 20. Na jaza mashimo yote kabla ya kulipa, usikubali shimo moja.

Mliokwisha kumlipa, msitupe sponji na msirekebishe kitu. Hifadhini mazungumzo, namba za miamala na kasha kama lilivyo, mniandikie faragha ili twende polisi kwa pamoja. Suala la kasha feki linapelekwa Tume ya Ushindani, wao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia.