Vipuri vya Kebo ya Hedifoni ya Kujitengenezea: Plagi Kwanza, Waya Baadaye

Kebo ya kwanza niliyojitengenezea kwa ajili ya hedifoni zangu haikumaliza miezi miwili. Upande wa kushoto ulianza kukatika kila nilipogeuza kichwa, baadaye ukawa unasikika pale tu nilipoishika plagi kwa vidole, na mwishowe ukanyamaza kabisa. Nilipoifungua plagi nilikuta lehemu zote ni nzima na zinang'aa, lakini waya umekatika milimita 2 nyuma yake, pale unapopinda kila siku simu inapoingia mfukoni. Waya huo ulikuwa ghali kuliko vipuri vingine vyote kwa pamoja, na plagi niliiokota mwishoni, kama mtu anayekumbuka chumvi baada ya chakula kuiva. Siku hizi ninapotafuta vipuri naanza na plagi, na tathmini hii inafuata mpangilio huohuo.

Plagi ya stereo ya milimita 3.5 ina sehemu tatu za kugusana: ncha hubeba sauti ya kushoto, pete hubeba ya kulia, na shina ndilo njia ya kurudi ya zote mbili. Jambo la kwanza ninalolitazama ni tundu la nyuma ambamo kebo inapita, wala si rangi ya plagi. Kebo ikiwa nyembamba kuliko tundu, hucheza ndani na mzigo wote wa kuvutwa huangukia kwenye lehemu. Ikiwa nene kupita kiasi, mtengenezaji hushawishika kuichonga ganda la nje ili ipite, na kwa kufanya hivyo anaondoa ulinzi mahali unapohitajika kuliko kwingine kote. Kwa hiyo napima kwa kalipa kipenyo cha kebo iliyo mkononi, kisha nasoma karatasi ya vipimo ya plagi kabla ya kuchagua.

Plagi niliyoizoea zaidi ni Rean NYS231, na Rean ni jina linalomilikiwa na Neutrik. Kifuniko chake ni cha chuma, si kinene, na ndani yake kuna ndimi za chuma ambazo hukunjwa kwa koleo zikaikumbatia kebo juu ya ganda la nje. Ndimi hizo ndizo zinazonifanya niirudie kila mara: nikivuta kebo, nguvu huishia hapo bila kufika kwenye lehemu. Ubaya wake ni kwamba vishikizo vya kulehemea vimekaribiana, kwa hiyo tone moja la ziada hutosha kuunganisha kushoto na kulia, na mwenye mkono unaotetemeka ataapa zaidi ya mara moja.

Switchcraft 35HDNN ni ya namna nyingine. Ni nzito, kifuniko chake ni kinene, na nafasi ya kufanyia kazi ndani ni kubwa, hivyo ningempa mtu anayejifunza kulehemu kabla ya kumpa nyingine yoyote. Hata hivyo, unene huohuo una gharama yake, kwa sababu simu nyingi huvaa kasha, na tundu la kasha mara nyingi halina nafasi ya plagi ya mwili mpana. Mimi niliishia kulichonga kasha kwa kisu, na simu ikabaki na kidonda ambacho kila anayeiona huniuliza kilitokana na nini.

Mbali na hizo mbili nilijaribu plagi moja isiyo na jina la kuaminika, yenye mng'ao wa dhahabu na sehemu za kaboni za mapambo. Joto la chuma cha kulehemu lilipofika kwenye kishikizo cha pete, plastiki inayotenganisha ncha na pete ililainika, na ncha ikasogea kando kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini tundu la simu linakihisi. Iliingia kwa kukwaruza na ikatoka kwa kung'ang'ania. Sikuitumia tena, kwani plagi iliyopinda ikikwama inaweza kuharibu tundu la kifaa ambacho thamani yake ni mara nyingi ya plagi yenyewe. Kuhusu dhahabu kwa jumla, faida yake ni moja na ni ya kweli: haipati kutu. Nikeli ni ngumu zaidi na huvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi, ila baada ya muda huhitaji kufutwa kwa kitambaa.

Kwenye waya ndiko wengi hupoteza akili na fedha, tena fedha kwa maana zote mbili. Mogami W2893, ambayo ndiyo ninayoitumia sasa, ina waya 4 za shaba za geji 26 (geji ni kipimo cha unene wa waya) ndani ya wavu wa kinga, na kipenyo chake cha nje ni milimita 4.8. Shaba ya geji hiyo ina ukinzani wa takriban ohm 0.134 kwa kila mita, kwa hiyo kebo ya mita 1.2 ina ohm 0.16 kwa kwenda na kiasi kilekile kwa kurudi. Kwenye hedifoni za ohm 32, jumla hiyo hupunguza sauti kwa chini ya desibeli 0.1, kiasi ambacho hakuna sikio litakalokitambua. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa takriban asilimia 6 tu, maana yake ningeilipia fedha ili niokoe ohm 0.02. Sina ugomvi na anayeipenda kwa weupe wake.

Kuna hesabu moja ya waya ambayo ina uzito, nayo ni ya njia ya kurudi. Kushoto na kulia zikirudi kwa waya mmoja wenye ohm 0.16, sehemu ya sauti ya upande mmoja huvuja kwenda upande wa pili kwa kiwango cha karibu desibeli 46 chini ya sauti halisi. Si balaa, lakini dawa yake haina gharama yoyote: kwa kuwa kebo ina waya 4, kila upande hupewa njia yake ya kurudi kutoka kwenye kikombe cha hedifoni hadi ndani ya plagi, na mbili hizo hukutana pale tu kwenye shina. Wavu wa kinga nauunganisha upande wa plagi peke yake. Hii ndiyo sababu ya kuchagua kebo ya waya 4 badala ya ile ya waya 2 na wavu, na ni sababu bora kuliko usafi wa shaba unaotangazwa kwa mlolongo wa tisa baada ya nukta.

Nilijaribu pia Canare L-4E6S, ambayo nayo ina waya 4 lakini kipenyo chake ni milimita 6. Ni kebo imara sana kwa maikrofoni na jukwaa. Kwa hedifoni za kutembea nazo ni nzito, inavuta kikombe kimoja chini, na kuipitisha kwenye plagi ndogo ni mieleka. Niliirudisha kwenye sanduku la vifaa, ambako inangoja kazi inayoifaa.

Sifa nyingine ninayoipima kabla ya kununua kwa wingi ni jinsi kihami cha waya za ndani, yaani ganda linalozuia umeme, kinavyostahimili joto. Kihami cha PVC ya kawaida hurudi nyuma mara kinapohisi chuma cha moto, kikaacha shaba tupu milimita kadhaa, na ndani ya kifuniko chembamba cha chuma milimita hizo zinatosha kugusana na kusababisha shoti. Teflon hustahimili, lakini ni ngumu na kebo yake hukunjika kwa mikunjo inayokumbuka ilikowekwa. Kihami cha Mogami niliyonayo hakikusogea hata nilipochelewa kuondoa chuma.

Kwa lehemu sina mengi: mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi na kuganda papo hapo, ilhali lehemu nyingi zisizo na risasi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 217, tofauti ambayo plastiki ya plagi ndogo huihisi. Dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kuhusu plagi za milimita 2.5 na 4.4 zinazotumika kwenye vifaa vyenye mfumo wa sauti wa njia zilizotenganishwa, ile ya 2.5 ni nyembamba mno kwa maisha ya mfukoni, na kama kifaa kinaruhusu ningechukua ya 4.4 bila kusita. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kwenye mifumo hiyo njia mbili za kurudi hazipaswi kuunganishwa kamwe, kwa sababu kila moja ina amplifaya yake, na kuziunganisha kunaweza kuiunguza.

Kabla ya kulehemu chochote, vifuniko vya plagi na mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto huvishwa kwenye kebo. Nimewahi kumaliza lehemu zote, nikaziinua kwenye mwanga nizitazame kwa fahari, kisha nikaona kifuniko kimelala mezani kikinitazama. Baada ya kulehemu naweka multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye mlio, nagusa ncha kwa ncha, na huku ikilia naipinda kebo shingoni pande zote nne. Mlio ukikatika hata mara moja, plagi inafunguliwa tena. Kisha mrija wenye gundi ndani, ule unaosinyaa hadi theluthi ya upana wake, unafunika shingo ya plagi na sentimita 2 za kebo, ili pinda isiwe ya ghafla.

Kebo ya sasa, yenye Rean upande wa simu na Mogami katikati, ina mwaka na miezi kadhaa na bado haijakatika. Lalamiko langu ni kwa soksi ya nailoni niliyoivisha ili ipendeze: ikisugua kwenye kola ya shati, mkwaruzo unapanda hadi masikioni kama panya ndani ya dari, hasa muziki unapokuwa mtulivu. Nimeikata kuanzia njia panda ya kebo kwenda juu, nikaiacha upande wa chini tu, na mkwaruzo umekwisha.